TUNAJENGA MISULI, TUNAPOTEZA MENO: KILA KIWANJA KIWE NA MAJI

Tamko la vijana raia, Kavumu

Kwenu ndugu na dada wa Kavumu, Miti, Kalambo na Katana. Kwenu wenzetu wa Kadutu, Bagira na Ibanda. Kwenu wanafunzi wa UOB, UCB, UEA, ISP, ISTM na wa masomo yote ya juu ya Kivu ya Kusini,

Mumezoea kusoma hapa matamko juu ya barabara, usalama na kodi. Leo tunaandika juu ya mdomo. Ndiyo, mdomo: meno, fizi na mate. Kuna watakaocheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, juu jambo hili linagusa feza yetu, masomo yetu na haki yetu.

Tuanze na kile kinachotupa moyo. Vijana wa hapa wanafanya spor. Asubuhi mapema, mbele ya jua kutoka, kuna wanaokimbia kwenye barabara kubwa kutoka Kavumu kuelekea Miti. Jioni mpira unachezwa kwenye viwanja vya vumbi. Kuna basketi, kuna karate, kuna boxe, na kuna wale wanaonyanyua vyuma walivyojitengenezea kwa kumwaga simenti ndani ya makopo ya rangi. Hakuna anayewalipa. Hakuna aliyewajengea. Wanafanya kwa mapenzi. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linaomba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kila wiki. Wengi kati yetu wanapita hesabu hiyo bila hata kuijua.

Halafu mazoezi yanaisha. Jasho linatiririka, mdomo umekauka kama njia ya kiangazi. Kando ya kiwanja kuna nini ya kunywa? Sukre baridi. Kopo ya ile tunaita "energie". Maji safi mara nyingi hakuna, ao yako ndani ya chupa ya kuuzwa, na mtu anajiuliza: nikitoa feza, si afadhali nipate kitu kitamu? Basi anakunywa kile kiko. Anasema: nimetoka jasho, nimestahili.

Tunasema wazi: kile tunachojenga kwa miguu, tunakibomoa kwa mdomo. Na karibu hakuna aliyekuja kutuambia.

KILE AMBACHO HATUKUFUNDISHWA

Tueleze pole pole, juu si kila mtu alisoma biolojia.

Mate ndiyo askari wa kwanza wa meno. Yanaosha mabaki ya chakula, yanapunguza ukali wa asidi, na yanarudisha madini kwenye ganda gumu la jino, lile wanaloita enameli. Ukikimbia sana ao ukicheza mpira dakika 90, unapumua kwa mdomo, maji ya mwili yanapungua, na mate yanakuwa machache na mazito. Kwa hiyo saa ile ya mazoezi, na muda kidogo nyuma yake, meno yako yanabaki na ulinzi mdogo sana.

Ni wakati uleule ndio tunamimina sukari na asidi juu yao. Asidi inapimwa kwa pH: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo ukali unavyopanda. Enameli inaanza kuyeyuka pH ya mdomo ikishuka chini ya 5.5 hivi. Sukre nyingi na vinywaji vya nguvu viko kati ya 2.5 na 3.5. Hiyo ni asidi ya chupa yenyewe. Juu yake kuna asidi ya pili: mikrobi zinazoishi kwenye meno zinakula ile sukari na kutoa asidi yao. Kila funda moja linaanzisha kazi hiyo upya, na mate yanahitaji nusu saa ao zaidi kurudisha hali. Mtu anayekunywa kopo yake kidogo kidogo toka mwanzo wa mazoezi mpaka mwisho, meno yake hayapati nafasi ya kupumzika hata mara moja.

Sasa hesabu. Chupa ya sukre ya sentilita 33 inabeba kwa kawaida gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Kopo ya energie ya sentilita 25 inabeba kwa kawaida gramu 27 hivi. Tangu mwaka 2015, OMS inashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, ni kusema gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na inasema ni vizuri zaidi kushuka mpaka gramu 25. Chupa moja kando ya kiwanja, ile 25 imekwisha kupita, na bado hujakunywa chai ya jioni.

Kuna upande mwingine, na huo ni habari njema. Spor yenyewe si adui ya meno. Utafiti mwingi umekuta kwamba watu wanaofanya mazoezi mara kwa mara hawapatwi sana na ugonjwa wa fizi kama wale wanaokaa tu. Sababu inaeleweka: mazoezi yanasaidia mwili kupunguza uvimbe wa ndani na kushika vizuri sukari ya damu. Kisukari kinaharibu fizi, na fizi zenye ugonjwa zinafanya kisukari kiwe kigumu zaidi kutunza. Njia hiyo inaenda pande zote mbili. Kijana anayekimbia leo anajilinda moyo, anajilinda damu, na anaweza kujilinda fizi pia, kama tu hatabomoa kwa chupa.

Tena kuna ajali. Kiwiko cha mwenzako kwenye kona, ngumi kwenye boxe bila kinga ya meno, kuanguka kwenye kiwanja chenye mawe. Jino la mtu mzima likitoka, halioti lingine. Kinga ya meno ni kipande cha plastiki tu. Wangapi kati ya wale wanaopigana boxe hapa wako nayo?

MUSITUAMBIE "VIJANA HAWAJALI"

Tunajua maneno yatakayokuja. "Vijana wa siku hizi hawajali. Wanafunzi wa universite wanajua kila kitu, ni uvivu tu." Hapana. Tunakataa.

Uliza promosio yoyote swali hili: spor inasaidia nini? Watakujibu moyo, uzito, usingizi, mawazo. Wengine watataja kisukari na shinikizo la damu. Uliza sasa: spor na meno vinahusiana namna gani? Utaona watu wanaangaliana. Hao ni watu wenye akili, watu wanaofanya hesabu za takwimu na kuandika kazi za mwisho wa masomo. Hawakosi akili. Wamekosa mtu wa kuwaunganishia.

Juu ujuzi wetu ulikatwa vipande vipande. Tulipokuwa watoto, kupiga mswaki kulifundishwa kama adabu: usinuke mdomo mbele ya watu. Spor ilifundishwa kama mchezo: kimbia, rudisha mpira, kwenda nyumbani. Mwili ulifundishwa kwenye biolojia, na kwenye picha ya mwili meno yalikuwa kwa ajili ya kutafuna, basi. Vitu vitatu, walimu watatu, saa tatu tofauti. Hakuna saa moja ambapo mtu alisimama na kusema: huyu anayekimbia ndiye huyu mwenye meno.

Na tusifikiri kwamba ni shida ya Kivu tu, ao ya maskini tu. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, waganga wa meno walichunguza wanaspor karibu 300 waliokuja kwenye kliniki ya kijiji chao. Zaidi ya nusu, asilimia 55, walikuwa na meno yaliyooza. Asilimia 45 walikuwa na meno yaliyolika kwa asidi. Watatu kwa wanne walikuwa na fizi zilizovimba. Asilimia 18 walisema wazi kwamba shida za mdomo zilipunguza mazoezi ao uwezo wao. Hao ni watu wenye makocha, wenye waganga, wenye watu wa kuwapikia. Kama hao walisahau mdomo, nani atamlaumu mwanafunzi wa Kavumu anayetoka auditwari saa kumi na moja na kukimbilia kiwanja?

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwanaspor wa London jino likimuuma, anavuka barabara tu, munganga yuko pale. Sisi je? Katika eneo la Afrika la OMS, kuna munganga mmoja hivi wa meno kwa watu elfu 30. Hiyo ni wastani; kijijini ni mbaya zaidi, juu waganga wengi wanakaa mijini. Kwa mtu wa Kavumu, kutafuta munganga wa meno mara nyingi ni kupanda gari mpaka Bukavu, karibu kilomita 30, na kulipa mwenyewe, mkononi, siku ileile. Ndiyo sababu wengi wanangoja. Wanaweka chumvi, wanaweka karafuu, wanameza vidonge vya maumivu, wanangoja mpaka uso uvimbe. Halafu jino linang'olewa, juu ndiyo kazi ya bei ya chini. Na usaha wa jino si mchezo: unaweza kushuka shingoni na kufunga njia ya pumzi. Watu wanakufa kwa jino.

Kwa hiyo kujua mapema, kwetu sisi, si anasa ya watu wa Ulaya. Ndiyo dawa ya pekee ambayo wengi wetu wanaweza kununua.

MAJI YAKO WAPI?

Hapa ndipo tunatoka kwenye mafundisho na kuingia kwenye madai.

Mtu anaweza kukuambia mara mia: "Kunywa maji baada ya spor, acha sukre." Sawa, maneno mazuri. Maji gani? Mitaa mingi ya Bukavu bomba zinakauka siku nyingi. Huku kwetu, mama na watoto wanabeba bidoni kutoka chemchemi. Kiwanja cha mpira chenye bomba ya kunywa ni kitu cha kutafuta na tochi. Lakini sukre imefika. Imepita barabara mbovu, imepita vizuizi, imelipa kila kodi na kila mkono ulionyoshwa, na imefika baridi mpaka kando ya kiwanja. Fikirieni kidogo: inchi ambamo sukari inafika mahali ambapo maji hayafiki, hiyo inchi imechagua. Na waliochagua si vijana.

Mama anayeuza sukre pale kiwanjani si adui yetu. Anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Hatuombi mtu amnyang'anye kikapu. Tunaomba maji yawe pale, karibu yake, ya bure ao ya bei kidogo, ili mtu achague kweli.

Na kampuni za vinywaji, za sukre na za bia, tunawaona pia. Mnatoa jezi, mnatoa kombe, mnaweka bendera zenu kwenye mashindano ya vijana, na mwisho wa mchezo meza imejaa chupa zenu. Asante kwa jezi. Lakini vijana wanaokimbia mbele ya bendera zenu ndio wale watakaolipia meno yao kesho, bila ninyi. Mkitaka kusimama kiwanjani na vijana, leteni na maji. Mezani ileile. Kwa wingi uleule.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu 47, inasema haki ya afya inalindwa. Kifungu 48, kinachofuata, kinasema haki ya kupata maji safi ya kunywa inalindwa. Ukisimama kando ya kiwanja cha Kavumu jioni, na kijana mwenye mdomo mkavu anafungua kopo ya energie juu hakuna kingine, umeona vifungu viwili vikivunjwa kwa mkono mmoja.

"KUNA VITA, NA NINYI MUNAZUNGUMZIA MENO?"

Swali hili tunaliheshimu, juu wanaoliuliza wamepoteza watu.

Ndiyo, kuna vita. Februari 2025 M23 ilishika uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku chache nyuma yake ikaingia Bukavu. Ndege za abiria zilisimama. Banki zilifunga milango. Watu wenye mishahara walikaa bila kuigusa, wanafunzi walikaa bila feza ya masomo, kila mtu alianza kuhesabu franka mara mbili. Sisi wote tulikuwa hapa.

Lakini vita haikufanya meno yaache kuuma. Vita ilifanya jino liwe ghali zaidi. Feza ya gari kwenda Bukavu, feza ya munganga, siku ya masomo ao ya kazi inayopotea: wakati banki imefungwa, hiyo ni chakula cha nyumba nzima. Kinga ambayo wakati wa amani ni akili nzuri, wakati wa vita ni njia ya kuishi. Na spor yenyewe, kwa vijana wengi, ndiyo kitu kilichobaki cha kushika akili isitawanyike. Kulinda spor isituharibu ni kulinda kile kidogo kilichobaki mikononi mwetu.

Tena tuseme jambo moja ili lisipotoshwe. Tunapodai maji, tunamdai kila anayekusanya kodi na kushika amri mahali hapa, leo na kesho. Kumdai mtu maji si kumpa uhalali. Ni kumkumbusha kwamba anayechukua kwa watu ana deni kwa watu.

NA MUSITUAMBIE HAIWEZEKANI

Mwaka 2024 Kavumu ilijua mpox. Hospitali yetu ilijaa wagonjwa, wengi wao watoto, na tarehe 14 Agosti OMS ikatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Mulikumbuka namna habari ilivyokimbia? Redio, kanisa, soko, shule, simu: kila mahali watu walizungumza juu ya kunawa mikono, kutogusana, kwenda hospitali mapema. Watu ambao hawakusoma hata darasa moja la biolojia walijifunza dalili za ugonjwa mpya. Hii ina maana gani? Watu wa hapa wanajifunza haraka, wakati mtu anapoona ni lazima kuwafundisha.

Lwiro iko jirani yetu, na watafiti wake wanasoma viumbe na magonjwa ya inchi hii tangu wakati wa ukoloni. Kalambo iko njiani. Katana iko na hospitali yake. Bukavu iko na fakilte za udaktari na ISTM yenye wanafunzi wa uuguzi. Hatukosi watu wenye ujuzi. Tunakosa saa moja ya kuuleta kiwanjani.

Na wenzetu wa Lucha, waliozaliwa Goma mwaka 2012, walianza na vitu ambavyo wakubwa waliona ni vidogo: maji, kazi, barabara. Walionyesha kwamba kudai bomba ya maji ni siasa ya kweli. Sisi tunaendelea kwenye njia hiyo.

TUNADAI

Kwa wakuu wa universite na masomo ya juu yote:

1. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apate saa moja, ndani ya mwezi wa kwanza wa masomo, juu ya mazoezi na afya ya mdomo pamoja. Saa moja. Si kosi nzima, si mtihani.

2. Kama kwenye karatasi ya malipo kuna mstari wa spor ao wa afya, mwanafunzi aonyeshwe feza hiyo inaenda wapi. Na sehemu yake ilipe uchunguzi wa meno mara moja kwa mwaka.

3. Mashindano ya kati ya fakilte yasianze bila maji ya kunywa kando ya kiwanja, kama vile hayaanzi bila mpira.

4. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi watumwe kwenye shule na viwanja vya Kavumu kama sehemu ya mazoezi yao ya kazi.

Kwa wenye kushika amri na kukusanya kodi:

5. Sehemu ya maji safi kwenye kila kiwanja cha watu wote, tukianza na vile vinavyotumiwa na watoto wengi.

6. Huduma ya meno karibu na watu, hata siku moja kwa wiki, kwenye hospitali za hapa, kwa bei inayojulikana na kubandikwa mlangoni.

7. Dawa ya meno yenye floridi ya kutosha isitozwe kama urembo. OMS iliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2021. Ni dawa, itendewe kama dawa.

Kwa kampuni zinazosaidia michezo ya vijana:

8. Maji kwenye meza ileile ya vinywaji vyenu. Na kinga za meno kwa vijana wa boxe na karate, kabla ya bendera nyingine.

NA SISI WENYEWE, TOKA WIKI HII

Hatungoji mtu ndipo tuanze. Kila kundi la spor linalotusoma lifanye haya:

Bidoni moja ya maji yaliyochemshwa ao kutiwa dawa iletwe kwenye kila mazoezi. Zamu kwa zamu, kama salongo. Kila mtu na kikombe chake.

Sukre na energie visiwe vinywaji vya mazoezi. Mwenye kutaka sukre, anywe mara moja pamoja na chakula, halafu maji. Asiibebe kidogo kidogo saa mbili nzima.

Mswaki mara mbili kwa siku, na dawa yenye floridi. Angalia kwenye boksi: namba kati ya 1000 na 1500 ppm. Ukimaliza, tema, usisukutue sana na maji, dawa ibaki. Ukitoka kunywa kitu cha asidi, ngoja kama nusu saa mbele ya kupiga mswaki, juu enameli imelainika.

Jino la mtu mzima likitoka kiwanjani, usilitupe. Lishike upande wa juu, ule unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Kama liko chafu, lisafishe haraka na maji safi ao maziwa, usilisugue. Lirudishe mahali pake na umwambie mtu aume kitambaa. Kama haiwezekani, litie ndani ya maziwa mabichi. Huku kwetu maziwa hayakosekani. Kimbilia kwa munganga wa meno: saa moja ya kwanza ndiyo inaamua. Jino la utoto lenyewe halirudishwi. Kila kocha na kila CP wa promosio ajue maneno haya kwa kichwa.

Fizi zinazotoka damu kila siku si kitu cha kawaida. Mwambie mtu. Hakuna aibu. Aibu ni kuona mwenzako anashika shavu wiki mbili na kumcheka.

Sisi tutapita kwenye viwanja vya Kavumu, Miti na Katana, kimoja kimoja. Tutaandika kipi kiko na maji na kipi hakina, na orodha tutaiweka hapa kila mtu aone. Tuma jina la kiwanja cha kwenu. Tuma picha ya bomba, ao picha ya mahali ambapo bomba ingepaswa kuwa. Nyuma ya miezi tatu tutarudi kwenye orodha ileile na kuuliza kwa jina la kazi, si kwa jina la mtu: nani alijibu, nani alinyamaza.

Hatuombi hospitali ya dhahabu. Tunaomba saa moja ya masomo, bomba moja kando ya kiwanja, na bei iliyobandikwa mlangoni. Anayeona hayo ni mengi mno kwa vijana wanaokimbia kila asubuhi bila kulipwa, aje kiwanjani jioni na atuambie uso kwa uso. Tutamkaribisha. Tutampa maji.

Vijana raia wa Kavumu